Wanachama Wasiokuja

Mtaa wa Bagamoyo, Tukuyu
12 Juni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute unaendelea vizuri, wewe na dada Atupele na watoto. Mimi mwili ni mzima, ila moyo haujatulia. Ningepiga simu, lakini wewe, Mama, simu yako unaiweka sauti ya juu mpaka nusu ya kijiji cha Masoko inasikia. Tafadhali soma peke yako, kabla hujafunga safari ya Jumapili na mshenga kwenda Masukulu kwa wazazi wa Jenifer.

Uliwahi kuniuliza jimu yetu inajiendeshaje kwa ada ya elfu kumi tu kwa mwezi. Nikakujibu kwa maringo kwamba watu wa Tukuyu wamependa mazoezi. Kumbe mimi mwenyewe, mwalimu wa mazoezi, nilikuwa sijui lolote.

Nilichokuwa najua ni kwamba wengi wanalipa halafu wanapotea. Wewe umenilea hivi: mtu asipoonekana kwaya Jumapili mbili, unakwenda kwake kumjulia hali. Basi nikafanya hivyohivyo. Jenifer akitoka mapokezi kwenda kula, nafungua daftari, nanakili majina na mitaa, jioni napiga hodi. Nesi Tulinagwe alifikiri nimeleta habari ya msiba! Nikamwambia tumem-miss tu, akacheka, kesho yake akaja. Wakaja na walimu, wakaja na wa halmashauri. Nilijiona mfanyakazi bora, Mama.

Baada ya mwezi foleni ilikuwa mpaka barabarani. Watu wanagombania mashine za kukimbilia, tatu zikaungua, waliokuwa wanakuja kila siku wakaanza kuhama. Ndipo bosi wetu, Bwana Obed, akatuita ofisini, mimi na Jenifer, mlango ukafungwa. Akatueleza kwa hasira kwamba mashine ni ishirini, wanachama mia nne, na biashara inasimama kwa sababu mia tatu kati yao hawaji. Wanalipa, wanachoka, wanaona aibu kujitoa. Hao ndio wanaotulisha, akasema, na kuna mtu anawaamsha. Wateja wenyewe hakuwauliza. Angewauliza nini, kwa nini mmekuja?

Akamgeukia Jenifer, kwa kuwa daftari ni lake. Mama, nilitazama viatu vyangu. Nilikuwa namngoja Jenifer akatae, nami nipate pa kuanzia, lakini hakukataa wala hakukubali. Aliniangalia mara moja tu. Akafukuzwa palepale, akachukua sweta lake akatoka.

Wiki tatu, Mama. Wiki tatu nimekwenda kwake kila jioni kumpa pole. Nimekula ugali wake, nimemtukana Bwana Obed mpaka mate yakanikauka, na ulipotuma habari kwamba mshenga amepatikana nilimpa habari hiyo nikicheka. Sijui nilikuwa mtu wa aina gani.

Jana nilishindwa kuendelea hivyo. Nilimwambia kwamba ni mimi niliyewafuata wale watu majumbani. Akaendelea kuchambua mboga. Akasema anajua. Nesi Tulinagwe alimshukuru tangu wiki ya kwanza kwa kunituma nikamjulie hali. Siku ile ofisini alikuwa ananipa nafasi niseme mwenyewe, na kila jioni nilipobisha hodi alidhani nimekuja kusema. Kazi haikumuuma, akasema, wala kuwafuata wale watu si kosa. Kilichomuuma ni zile pole. Kisha akaniambia nikuandikie leo, ili usije ukaaibika mbele ya wazazi wake kwa jambo usilolijua.

Asubuhi nimekwenda kwa Bwana Obed, nikamweleza yote. Amenifukuza, na amempigia Jenifer arudi kazini. Jenifer amekubali kurudi kazini. Mimi amenikataa.

Kwa hiyo msiende Masukulu, Mama. Mwombe mshenga radhi kwa niaba yangu, na ukiulizwa sababu, usimtaje Jenifer kwa lolote baya. Nisalimie dada na wanawe. Jumamosi nakuja nyumbani, na ukitaka kunisema, nisemee ndani.

Ni mimi mwanao,
Ezron