Jiko la Mama Mkwe

Mjukuu wangu Robhi,

Hapa Nkende tu wazima, na ng'ombe wetu mwekundu amezaa. Umeuliza hesabu za umeme zinasaidia nini.

Zamani koili ya jiko la umeme la mama yangu ilikatika. Babu yako akafunga nusu tu iliyobaki nzima. Kwetu mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe, kwa hiyo alilitengenezea uani. Ugali ukaungua. Mama akaniagiza, "Mwambie mkwe jiko limepona kupita kiasi."

Babu akapima kwenye swichi ya nje: ampea kumi badala ya tano. Volti 240 gawanya kwa kumi, ukinzani ohm 24, nusu ya zamani. Zidisha, wati 2,400, maradufu.

Hakuuvuka mlango ule mpaka mama anafariki, lakini jiko lake alilijua kuliko sisi tuliokuwa ndani.

Bibi yako