Kijiko cha Trekta ya Alawi

Boke, pokea simu!!

Si unakajua kale katrekta ka kaka Alawi? Alienda Bunda kutafuta kifaa cha kuondolea tope kwenye njia ya kwetu Kitaji. Babu Pazi alimsihi: "Chukua bledi, lile bamba la chuma, ikwangue juu tu. Kijiko usilete, kinachimba." Alawi akaleta kijiko.

Leo asubuhi kikaibua marobota ya khanga zilizooza. Alawi akacheka: "Kumbe babu ulikuwaga unafukia mali kipindi kile cha msako wa walanguzi, miaka ya themanini!"

Babu hakucheka, Boke. HAKUCHEKA. Alikaa chini kwenye tope na kanzu yake nyeupe.

"Zima trekta, Alawi. Hizo khanga hazikuwa zangu. Mwenyewe yuko chini yake."