Dawa ya Huku, Bangi ya Kwetu

Jumapili, Julai. Blacktown, Australia. Baridi ya kukata masikio.

Leo kanisani nilisimama nyuma mahubiri yote, kando ya hita, kwa sababu viti vinaniua. Tangu siku ile nilipomwinua mgonjwa kazini, mgongo huu si wangu tena. Kinachonituliza ni matone ya mafuta chini ya ulimi. Daktari ndiye aliyeniandikia, na nanunua duka la dawa mchana kweupe.

Mafuta ya bangi. Mimi, niliyelelewa na mama shemasi!

Hata huku sheria ina vituko. Serikali inaniruhusu kuimeza, lakini polisi wakinisimamisha barabarani wanipime mate, cheti cha daktari hakinisaidii kitu. Gari limekaa tu, napanda treni.

Lakini gari si shida. Shida ni Machakos.

Miaka sita sijamwona Mama. Kila simu ni swali moja: utakuja lini? Nina hamu naye jamani, hamu ya kuketi jikoni kwake tukichambua ndengu bila kusemeshana.

Ijumaa nilimpigia kakangu Mutua. Ni koplo wa polisi kule nyumbani, na amekamata watu wa bangi tangu aingie kazini. Nikamweleza habari ya chupa yangu na barua ya daktari. Akacheka vibaya. "Dada, ukitua nayo Nairobi, hiyo karatasi ya Australia utafungia maandazi. Na usidhani nitakutetea."

Nilimkasirikia, nikamkatia simu. Lakini angesema nini? Sheria ya kwetu ndiyo hiyo, na yeye analishwa nayo.

Basi leo baada ya kanisa nikampigia Mama kwa video, nikamwambia yote, maana nimechoka kumzungusha. Nilitarajia anikemee mapepo. Wapi! Aliuliza tu kama mgongo unauma sana. Kisha akasema, "Iache hiyo bangi yenu huko, mwanangu. Njoo na mgongo wako, nitaukanda kwa maji moto."

Nimelia kama mtoto.

Nimekata tiketi ya Desemba. Safari yote hiyo bila matone, Mungu wangu, sijui nitakaaje. Potelea mbali, naenda.

Ila aliponipungia mkono wa kwaheri, niliona vidole vyake havikunjuki. Baridi yabisi imevishika vyote, na hakuwahi kuniambia.

Sasa nani atamkanda mwenzake?