Tundu la Jeti ya Nesi Tumpe

Jumatatu, 4 Machi 1996

Mvua tangu alfajiri. Wateja wawili. Wote saa za plastiki, wote betri. Nimebadilisha nikiwa nimesimama, hata lenzi sikuvaa. Saa ya kujaza ufunguo sijaishika tangu kabla ya Ramadhani. Sokoni sasa za plastiki zinamwagwa kwenye turubai pamoja na soksi na vioo, ikifa mtu anatupa, ananunua nyingine. Soko huria. Sina ubishi, miaka ya foleni nilikuwepo na sitaki irudi. Ila mikono inakaa bure.

Mwanaidi kasema na sisi tuuze za plastiki. Mke wangu hasemi jambo mara mbili, kwa hiyo najua anangoja.

Jumatano, 6 Machi

Leo kazi ya ajabu. Ambokile, fundi pikipiki wa nyuma ya soko, kaja na Nesi Tumpe wa zahanati ya Ikuti. Nesi ana pikipiki ya chanjo. Anafunga kasha la barafu nyuma, anazunguka vijijini. Mradi ulioileta umefungwa, pikipiki imebaki, vipuri hakuna.

Ambokile kanionyesha kidude cha shaba, kidogo kuliko punje ya hindi, kina tundu katikati. Anakiita jeti. Kinakaa ndani ya kabureta na petroli inayokwenda kwenye injini inapimwa na tundu hilo. Mtu fulani zamani alikichokonoa kwa waya, tundu likapanuka. Sasa injini inalewa petroli. Moshi mweusi, na kwenye mlima wa Ikuti inazimika katikati, barafu inayeyuka, dawa inaharibika. Ambokile katafuta Mbeya duka kwa duka. Honi zipo, vioo vipo, jeti hakuna.

Anataka tuzibe tundu kwa lehemu, tutoboe upya. Biti yake nyembamba kuliko zote ni nene kama njiti ya kiberiti.

Nesi akasema, "Mzee Shomari, nimeambiwa Tukuyu nzima kazi hii ni ya mikono yako tu."

Nilisikia joto usoni. Nikaichukua.

Alhamisi, 7 Machi

Ubavuni mwa jeti kuna namba 95. Nimekaa nayo asubuhi yote. Nimepata sindano inayokaza kwenye tundu, nikaipima kwa maikromita: milimita moja na sehemu ishirini za mia. Basi namba ile ni sehemu za mia za milimita. Tundu lilipaswa kuwa tisini na tano.

Kibao cha biti aliniachia baba, alikuja nacho kutoka Lindi. Zinapanda kwa kumi kumi. Thelathini, arobaini, hamsini, sitini, sabini, themanini. Ya tisini na ya mia zilivunjika miaka mingi. Kwa saa sikuzihitaji, nafasi zake zipo wazi.

Ilikuwa niende kumwambia Ambokile kuwa sina. Ni hatua mia mbili. Sikwenda.

Ijumaa, 8 Machi

Nimelehemu kabla ya swala ya Ijumaa, nimetoboa baada yake. Themanini. Tundu limenyooka, kingo safi, nimelitazama kwa lenzi nikafurahi kama kijana.

Ambokile alipokuja akauliza, "Ngapi, mzee?"

Nikasema tisini na tano. Lilitoka lenyewe.

Nimejiambia tundu dogo linakula petroli kidogo. Itakuwa faida kwa nesi.

Jumanne, 12 Machi

Moshi umekwisha. Nesi kapanda Ikuti bila kusimama. Kapita dukani na chane mbili za ndizi, kasema ndaga fijo, asante sana ya kwao. Muuza chumvi kaniita injinia mbele ya watu. Nimekula vizuri.

Alhamisi, 14 Machi

Ambokile kaja na plagi ya ile pikipiki mkononi. Kaiweka mezani kwangu juu ya kitambaa.

"Nyeupe kama majivu, mzee. Inanyimwa petroli, inachemka ndani. Una hakika ni tisini na tano?"

"Nina hakika."

Mara ya pili. Ile ya kwanza ilinitoka. Ya leo niliiona inakuja, nikaiachia njia.

Kasema basi labda kuna hewa inaingia mahali. Atafungua Jumamosi, atatafuta. Kaniamini. Atahangaika na pikipiki nzima kutafuta kosa lililoko kwenye kibao changu.

Jumamosi, 16 Machi

Nesi Tumpe kaanguka.

Jana aliteremka Kisiba kuchanja. Kule chini ni joto. Wakati wa kurudi, mlima mrefu, gesi yote, injini ikachemka, ikakamata ghafla na gurudumu la nyuma likajifunga. Kifundo cha mkono wa kushoto kimevunjika. Kaletwa juu kwa gari la ndizi. Akina mama wa Mpuguso, kituo chake cha pili, walimngoja na watoto mgongoni mpaka jioni, wakaondoka.

Mkubwa wake wa zahanati kasema hadharani kosa ni la Ambokile, hakuchanganya oili ya kutosha kwenye petroli. Leo watu wawili wameondoa pikipiki zao kwake. Nimewaona wakizikokota mbele ya duka langu.

Ambokile hakunitaja. Hana sababu ya kunitaja.

Mimi ni mwoga. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo.

Jumapili, 17 Machi

Sikufungua duka. Mwanaidi kauliza kama naumwa. Nikamweleza yote, tangu kibao mpaka plagi. Kanisikiliza huku anachambua mchele. Kisha akasema, "Sasa unaniambia mimi ya nini? Vaa viatu."

Sikuvaa.

Jumatatu, 18 Machi

Nimevaa.

Kwanza Ambokile. Alikuwa amechuchumaa, pistoni ya nesi mkononi, ina michubuko ubavuni. Nikamwambia nilitoboa themanini. Nikamwambia mara zote mbili nilijua. Hakupandisha sauti. Aliendelea kuifuta ile pistoni kwa kitambaa mpaka nikaona nimesimama muda mrefu mno. Nikaondoka.

Kisha zahanati, Ikuti. Nilipanda kwa miguu sehemu kubwa ya njia, matope mpaka magotini. Mkubwa alikuwa barazani na wagonjwa wamejaa. Nikasema palepale, mbele yao, kuwa oili ilitosha, Ambokile hana kosa, jeti niliharibu mimi. Bibi mmoja akataka atafsiriwe kwa Kinyakyusa. Wakamtafsiria. Nikasikia aibu yangu mara mbili, kwa lugha mbili.

Mwisho nesi, nyumbani kwake. Mkono una plasta, anakoroga uji kwa mkono wa pili. Nikamweleza, nikajiandaa kutukanwa. Aliweka mwiko chini.

"Mzee wangu, kwa nini hukusema tu kwamba huna? Ningengoja."

Ni hayo tu. Nimeshuka nayo mpaka mjini. Ningengoja. Mimi nilifikiri mtu akisikia sina, anaondoka harudi, kama walivyoondoka wateja wa saa. Huyu angengoja.

Jumatano, 20 Machi

Mvua. Betri moja. Ambokile kapita upande wa pili wa barabara.

Alhamisi, 21 Machi

Ambokile kaja asubuhi. Kaitoa jeti kwenye karatasi ya sigara, kaiweka mezani, kavuta kigoda, kakaa.

"Toboa mbele yangu."

Nikamwambia sina biti. Neno lenyewe jepesi, sijui lilinishinda nini. Nikamwambia naweza kutengeneza, lakini itachukua siku na huenda zikavunjika. Akasema ana siku. Wateja hana.

Nimechukua sindano nene za Mwanaidi za kushonea magunia. Unaichoma ncha mpaka inakuwa nyekundu, unaibamiza iwe bapa, unainoa kwenye jiwe la mafuta, unaichoma tena, unaizamisha kwenye oili iwe ngumu. Ya kwanza ilikatika. Ya pili ikapinda. Ya tatu, maikromita ikasoma themanini na tano. Kila kipimo nilimpa Ambokile asome mwenyewe. Mwanzo alisoma kwa hasira. Baadaye aliomba lenzi.

Jumamosi, 23 Machi

Pikipiki imepona, silinda haikuumia sana. Tulianza na themanini na tano. Ambokile kapanda nayo kuelekea Ikuti, karudi, kafungua plagi: nyeupe bado, lakini si majivu. Nikanoa nyingine, tisini. Kapanda, karudi. Plagi rangi ya tofali, rangi ya injini yenye afya. Kacheka peke yake. Nikasema tufike kwenye tisini na tano, ndiyo namba ya kiwandani. Tukafika. Plagi ikaanza kuwa nyeusi na injini ikawa nzito mlimani.

Tumekaa kuifikiria. Ambokile anasema hewa ya huku juu ni nyepesi, petroli nayo lazima ipunguzwe. Namba ile iliandikwa kwa ajili ya watu wa pwani. Nimelehemu upya, nimerudisha tisini. Kisha akateremka Kisiba na mzigo wa mawe mahali pa kasha, akapanda gesi yote. Tofali.

Hata uongo wangu haukuwa na kipimo sahihi. Nilimtajia namba ambayo hata ningekuwa na biti yake bado ningekosea. Ningesema kweli, tungejua mapema, pamoja, kwa moshi tu. Bila mkono wa mtu kuvunjika.

Jumatano, 3 Aprili

Mmoja wa wale wawili kamrudishia Ambokile pikipiki yake. Wa pili bado. Nimemfuata nyumbani nikamweleza. Kasema atafikiria.

Alhamisi, 25 Aprili

Ukungu mpaka saa nne. Nesi Tumpe kaja, plasta imetoka. Mkono wa kushoto mwembamba kuliko wa kulia. Kaukunja na kuukunjua mbele yangu. Nje pikipiki ilikuwa inanguruma taratibu, kasha limefungwa.

Kafungua pini kifuani, kaweka mezani ile saa ya manesi wanayohesabia mapigo ya moyo. Ya kujaza ufunguo. Ilisimama siku aliyoanguka.

"Kama huwezi, niambie."

Nikaifungua palepale, nikavaa lenzi. Udongo mwekundu umeingia mpaka chini ya gurudumu la pili. Kimhimili kimekatika, chembamba kama unywele. Nilitazama muda mrefu kabla ya kujibu.

"Hii naweza. Jumanne."

Kaondoka. Nimeisikia pikipiki ikipanda mpaka kona, ikabadilisha gia, ikaendelea.

Nimeosha vipande vyote kwa petroli, nimevipanga kwenye kitambaa cheupe karibu na dirisha. Kesho nitachonga kimhimili.