Mayai ya Maman Nabintu na Ampli-op ya Tatu

Jumapili, jioni. Mvua imekatika lakini ukungu haujatoka juu ya ziwa, na mtaa wote wa Muhumba unanuka udongo uliolowa. Mimi nanuka moshi wa kulehemu. Naandika hapa mtandaoni ili mikono yangu ipate kazi, la sivyo nitafungua tena kifuniko cha sanduku la mayai, na kila nikifungua kifuniko joto linatoka.

Sijui kama nimeua mayai ya Maman Nabintu.

Maman Nabintu ni jirani yetu wa ukuta mmoja. Mama yake alipozikwa kijijini Nyangezi, ndugu waligawana sahani, vitenge na majembe. Yeye alichukua kuku jike mmoja tu, akarudi naye mjini amemfunga kwenye kitenge. Kuku huyo alikuwa analalia wakati mbwa wa watu alipoingia uani wiki iliyopita. Mayai yalipona. Kuku hakupona.

Alikuja kwangu na beseni, mayai bado yana joto. Akasema, "Wewe Ingénieur, si uko na ile couveuse yako? Basi, ikuwe mama yabo."

Couveuse yangu ni sanduku la mbao la kuangulia mayai, lenye balbu ndani. Niliitengeneza kwa kazi yangu ya mwisho wa masomo, na ilikuwa haijawahi kulalia kitu isipokuwa chupa za maji. Nilipaswa kumwambia hivyo. Ningesema, maman, bado naijaribu. Badala yake nilisikia mdomo wangu ukisema ndiyo.

Zinazoongoza balbu ni ampli-op tatu, vipande vyeusi vya kielektroniki vyenye miguu minane, kila kimoja kikubwa kidogo tu kuliko punje ya hindi. Ya kwanza inatoa tofauti kati ya joto ninalolitaka na joto lililopo. Ya pili inaongeza au kupunguza mwanga wa balbu kulingana na tofauti hiyo. Ya tatu inajumlisha. Haitosheki na kosa la sasa; inaweka ndani ya condensateur, kijipipa cha kutunza umeme, kila kosa lililopita, na kadiri kosa linavyodumu ndivyo inavyozidi kusukuma. Bila hiyo, sanduku lingebaki na baridi kidogo siku zote. Niliipenda kuliko zote.

Hofu yangu kubwa ilikuwa délestage, kukatwa umeme kwa zamu. Umeme wetu unaenda na kurudi unavyotaka, na niliogopa kwamba kila ukirudi, ampli-op zingeanza upya kama zilizozaliwa leo. Kwa hiyo nilizifunga kwenye betri ya pikipiki. Balbu zibaki kwenye umeme wa mji, akili iwe kwenye betri, isilale kamwe. Nilijivunia sana betri ile.

Leo asubuhi umeme ulikatika tukijiandaa kwenda misa. Nilifunika sanduku kwa blanketi, nikahakikisha taa ndogo ya betri inawaka, nikatoka. Mama alishangaa, kwa sababu tangu mayai yaingie nyumbani sijatoka hata kununua mkate. Njiani alinitania kwamba yeye atakuwa bibi wa vifaranga kabla ya kuwa bibi wa watu.

Katikati ya mahubiri vipaza sauti vikakohoa, sauti ya padri ikajaa kanisa zima, na watu wakachekacheka kwa furaha. Mimi pia. Nilifumba macho nikamshukuru Mungu kwa umeme.

Wakati huohuo sanduku lilikuwa linachoma.

Tulipofika nyumbani, blanketi lilikuwa la moto. Balbu ziliwaka kwa nguvu zote na kipimajoto kilikuwa kimevuka arobaini na moja, wakati mayai hayatakiwi kupita thelathini na nane. Nilichomoa waya, nikatoa mayai nikayaweka kwenye beseni. Kisha nikapima ampli-op ya tatu kwa multimeta. Ilikuwa juu kabisa, imegota hapo, inaamuru moto.

Nikaelewa. Muda wote umeme ulipokuwa umekatika, sanduku likipoa polepole, yenyewe ilikuwa macho kwenye betri yangu, ikijumlisha baridi, ikidai balbu ziwake zaidi, na hakuna balbu iliyoweza kuitikia. Umeme uliporudi, joto lilipanda, likafika, likapita. Yenyewe iliendelea kusukuma. Bado ilikuwa na baridi yote ya asubuhi ndani yake.

Kama ningeiacha ilale pamoja na balbu, haya yasingetokea. Kilichochoma ni kile nilichokiongeza kwa woga.

Sitaki kusema kwamba najiona humo. Lakini najiona.

Mama alinishauri ningoje, labda hakuna kilichoharibika, ya nini kumtia mtu wasiwasi. Nikaenda hivyohivyo. Nilimkuta Maman Nabintu mlangoni kwake, nikaanza na betri, nikaingia kwenye condensateur, mpaka akanikatiza.

"Ingénieur, sema tu. Mayai iliiva?"

"Sijui, maman. Pengine."

"Mi nilikupatia mayai ya kulalia, haikuwa ya kuchemsha."

Akacheka kidogo, kisha akaacha. Afadhali angenigombeza.

Alinifuata kwetu. Kulikuwa bado mchana, na ndani ya yai huonekana gizani tu, kwa hiyo tuliingia chini ya blanketi wote wawili, vichwa vimegusana, mimi nimeshika taa ya simu, yeye anashika mayai. Yai la kwanza lilikuwa na mishipa myekundu na doa jeusi lisilosogea. La pili vilevile. Alikuwa akiyageuza taratibu, na nilisikia pumzi yake. Kifaranga kimekufa au kimelala? Kisha katika yai moja dogo, lenye ganda la rangi ya chai, doa lilitikisika. Au mkono wake ndio uliotikisika.

"Uliona?" akauliza.

Nilimwambia sina hakika.

"Mi niliona," akasema, akalirudisha kwenye beseni.

Nilidhani atayachukua. Alikaa na beseni mapajani, amelifunika kwa kitenge, akinitazama nikilehemu diode mbili sambamba na condensateur, ili ampli-op ya tatu ikijumlisha ifike mahali izuiwe. Nikachomoa waya wa balbu, tukangoja, nikachomeka tena. Joto lilipanda, likapita kidogo tu, likarudi. Hakuuliza nilichofanya. Aliyapanga mayai ndani mwenyewe, moja moja, akaenda kupika.

Sijui kama ameniamini, au hana pengine pa kuyapeleka.

Kesho nitaliangalia tena lile yai dogo. Nikikuta limetulia, nitaenda kwa Maman Nabintu kumwambia kabla hajauliza. Naandika hapa, mbele ya watu, ili asubuhi nisije nikabadilisha mawazo.