Ndagala Ndani ya Ngome ya Jaisalmer

Jumapili, 21 Desemba. Rumonge
Sijawahi kumwambia mtu: nikiosha sufuria ziwani huwa naongea Kiingereza peke yangu. Leo pia. Mbele ya watu sifungui mdomo. Na kesho naondoka na Shangazi Zaituni kwenda Rajasthani, India. Yeye anatafuta vitambaa vya duka lake, mimi mkalimani. Eti kwa sababu nasoma sana. Mfuko mmoja ni ndagala kavu tupu, samaki wetu wadogo, zawadi za huko. Naogopa. Nina furaha mno.

Jumatano, 24 Desemba. Jaipur
Kasri la rangi ya waridi, madirisha madogo kama sega la nyuki. Wake wa mfalme walitazama barabara kutoka pale bila kuonekana. Ningeweza kuishi pale! Shangazi alibishana bei kwa Kiswahili, muuzaji kwa Kihindi. Wakaelewana. Sikuhitajika. Afadhali.

Jumamosi, 27 Desemba. Jodhpur
Ngome juu ya mwamba, nyumba za buluu chini. Lango lina miiba ya chuma, ndovu wa adui wasilisukume. Shangazi: "Weye, hapa hata mukwe wangu hapiti!" Nilicheka mpaka walinzi wakageuka.

Jumatatu, 29 Desemba. Jaisalmer
Mji wa jangwa. Watu wanaishi ndani ya ngome! Na sisi, mpaka Mwaka Mpya, tumepanga chumba kwa mama aitwaye Kamla. Anaishi na mama mkwe wake. Dirisha letu liko kwenye ukuta wa ngome wenyewe. Nje ni mchanga mpaka macho yanachoka. Sitaki kulala.

Jumanne, 30 Desemba
Aibu. Kamla akiwa sokoni, Shangazi aliingia jikoni akakaanga ndagala kwa mawese, zawadi ya nyumba. Harufu ikapanda ngazi zote. Nyumba hii haili samaki wala nyama, tangu mababu. Bibi, yule mama mkwe, alitoka jikoni ameziba pua. Kamla aliporudi alinyoosha kidole kwenye mizigo yetu, kisha mlangoni.

"Kosa iko wapi? Ndagala iko chakula ya heshima!" Shangazi alikuwa analia.

Hakuna mwingine wa kusema. Nikasema. Kwa Kiingereza, mbele ya wote. Kwamba kwetu mgeni haji mikono mitupu. Kwamba hatukujua. Kwamba jiko tutaliosha hata kama tunafukuzwa.

Kamla alishusha kidole. Akanipa ndoo.

Jumatano, 31 Desemba
Tumesugua kuta, sakafu, rafu. Sufuria ile tumemnunulia nyingine. Ndagala zote tumewapa paka nje ya lango. Wamekula kama wako harusini, Shangazi akiwasifu mmoja mmoja. Kamla alicheka hadi akakaa chini. Tunabaki! Lakini bibi bado haingii jikoni. Hilo linaniuma.

Alhamisi, 1 Januari
Asubuhi bibi alisimama kwenye mlango wa jiko. Akanusa. Akaingia, akawasha moto, akatuletea chai ya maziwa na tangawizi.

Nilikunywa yote. Kisha nikaweka mkono kifuani, nikamtajia jina langu, nikamuuliza lake.