Ngoma ya Kidato Kizima

Idrisa, weka kikombe chini kwanza. Faraji wetu amekwisha.

Unaijua ile programu ya klabu ya kompyuta, ya kuwatumia wazazi matokeo? Faraji kaichokonoa: ichukue jina, ilibandike kwenye ujumbe, imtumie mzazi. "Mwanao atacheza ngoma Ijumaa mbele ya mgeni rasmi. Njoo na khanga umtunze."

Alimlenga Yassini peke yake, maana yule akisikia ngoma hujificha bwenini. Badala ya kuipa jina moja, akaipa orodha nzima ya kidato cha tatu. Nzima, Idrisa! Ikapita jina kwa jina, haikuruka hata la kwake.

Na leo ndiyo Ijumaa: sasa hivi getini kina mama wa kijiji cha Mpapura wameacha korosho chini ya mikorosho, wanapiga vigelegele. Wamekuja na ngoma tatu!

Mkuu wa shule kafoka: "Aliyefanya hivi anafukuzwa leo! Nani?"

Faraji kafungua mdomo akiri. Mara mama yake, ambaye hajawahi kufika shuleni, akamshika shavu: "Baba, unacheza saa ngapi?"

Mdomo ukafungwa. Sasa kajifunga kitenge kiunoni, anaingia uwanjani wa kwanza, na hajui hata hatua moja.